Kilabu cha Mbege na Gharama Zake

Katika vijiji vya Kilimanjaro, mbege ni pombe ya mila. Hunywewa harusini, hunywewa wazee wanapokaa kusuluhisha ugomvi. Hutengenezwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi. Watu wengi, hasa akina mama, hupata riziki kwa kuiuza. Daftari za watoto, chumvi, dawa na sare hutoka humo.

Lakini kuna jambo linalowashangaza wauzaji. Kilabu kinajaa watu. Pombe inakwisha. Mwisho wa mwezi fedha hazionekani. Mwingine husema amerogwa. Mwingine humshuku mhudumu. Mara nyingi hakuna mchawi wala mwizi. Fedha zimeliwa na gharama za uendeshaji.

Gharama za uendeshaji ni nini?

Muuzaji ana gharama za aina mbili. Aina ya kwanza ni za vitu vya kupikia pombe yenyewe: ndizi, ulezi, kuni. Ukipika kidogo, unatumia kidogo. Aina ya pili haijali umepika kiasi gani. Mwenye nyumba anataka pango lake hata kama mvua ilinyesha wiki nzima na hakuna mteja aliyekuja. Leseni ni ileile. Taa zinazomwakia mteja mmoja zinakula umeme sawasawa na zinazowawakia wateja 30. Hizi ndizo gharama za uendeshaji.

Ndugu msomaji, chukua daftari tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe utaweka za kijijini kwako.

Pango la mwezi: Sh. 50,000
Malipo ya wahudumu: Sh. 120,000
Umeme: Sh. 45,000
Sabuni na maji ya kuoshea vyombo: Sh. 15,000
Leseni, fungu la mwezi mmoja: Sh. 10,000
Jumla: Sh. 240,000

Gawanya Sh. 240,000 kwa siku 30. Unapata Sh. 8,000 kila siku, uuze usiuze.

Sasa tuseme lita moja ya mbege unaiuza Sh. 1,000. Ndizi, ulezi na kuni za lita hiyo zimekula Sh. 600. Zinabaki Sh. 400. Ili upate Sh. 8,000 ni lazima uuze lita 20. Lita hizo 20 si zako. Ni za mwenye nyumba, za wahudumu na za umeme. Faida yako inaanza kwenye lita ya 21. Siku uliyouza lita 15 umekula mtaji, hata kama mfuko ulikuwa na noti.

Tuseme umepunguza Sh. 60,000 kwa mwezi. Zinabaki Sh. 180,000, yaani Sh. 6,000 kwa siku. Sasa lita 15 zinatosha kulipa gharama. Ni kama umeuza lita tano zaidi kila siku, bila kupata mteja mpya hata mmoja. Kumtafuta mteja mpya ni kazi ngumu. Kuzima taa si kazi.

Wapi pa kupunguza

Anza na umeme. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila usiku, kwa mwezi inakula yuniti 9. Balbu tano zinakula yuniti 45. Balbu za LED za wati 9 hutoa mwanga karibu ule ule, na tano kwa muda huo huo zinakula karibu yuniti 7 tu. Balbu hizo ni ghali kidogo siku ya kununua, kisha unasahau.

Friji nalo litazame. Mbege haihitaji friji. Baadhi ya vilabu huwasha friji zima mchana na usiku kwa ajili ya soda nne na bia sita. Hiyo ni fahari, si biashara. Kama bia zinanunuliwa kweli, weka friji mbali kidogo na ukuta lipate hewa, na ukague mpira wa mlango. Mpira uliochanika unatoa baridi nje na kuingiza joto ndani.

Wahudumu je? Usimkate mtu malipo mliyopatana. Tazama siku badala yake. Siku ya gulio na Jumapili mnahitajika wawili au watatu. Jumanne mtu mmoja anatosha. Patana na msaidizi wa pili aje siku zile za wateja wengi tu.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo katika orodha yetu, nayo ni kubwa. Ni pombe ya bure. Shemeji amepita, amepewa. Mzee wa ukoo ameketi, ameongezwa. Mwenye kilabu naye ana kiu. Tuseme ni lita mbili kwa siku. Kila lita ilikugharimu Sh. 600. Kwa mwezi ni Sh. 36,000. Kumnyima mzee ni aibu, wala sikushauri hivyo. Mpe kata moja ya heshima, ya pili alipe. Na zote ziandikwe daftarini, hata ile uliyokunywa wewe.

Wapi pasiguswe

Wengine wakitaka kupunguza gharama huanza na sabuni. Vyombo husuuzwa katika ndoo moja, maji yaleyale tangu mchana. Hapo ndipo kipindupindu kinapopata njia. Mwaka 2015 ugonjwa huo ulianza Dar es Salaam mwezi wa Agosti, ukaenea mikoa mingi na kuua watu. Ukiingia kijijini, vilabu vya pombe hufungwa mapema. Pango halifungwi. Kwa hiyo osha kwa sabuni na suuza kwa maji safi.

Leseni pia usiiache. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inamtaka muuza pombe awe nayo. Tenga fungu lake kila mwezi ili siku ya kulipa usikope. Na kipimo kisipunguzwe. Mnywaji hajui kusoma hesabu zako, lakini jagi lake analijua.

Zoezi

1. Kilabu kimoja kina gharama za uendeshaji za Sh. 150,000 kwa mwezi. Kila lita inabakiza Sh. 500. Ni lazima kiuze lita ngapi kwa siku ili kilipe gharama hizo?

2. Mwenye nyumba amepandisha pango kwa Sh. 30,000. Sasa ni lita ngapi?

3. Andika gharama tano za kilabu cha kijijini kwenu ambazo hulipwa hata siku ambayo hakuna mteja.