Kupe na Ng'ombe wa Maziwa

Ninyi mnaokaa katika milima ya Kivu au Ituri mmekwisha kuona ng'ombe wa namna mbili. Kuna wale wa mababu, wenye pembe ndefu na maziwa machache. Kuna na wale ambao asili yao ni Ulaya, wenye mabaka meusi na meupe. Hao wakilishwa vizuri hutoa lita kumi kwa siku, na pengine zaidi. Ndiyo sababu baba wengi humtamani ng'ombe wa namna hiyo. Watoto hunywa maziwa, yanayobaki yanauzwa, na kwa fedha ile hununuliwa chumvi na sabuni, na minervali ya shule inalipwa.

Lakini ng'ombe huyo wa bei kali aweza kufa katika muda wa majuma matatu tu, na anayemwua si simba. Ni kupe.

Tazameni jinsi ugonjwa unavyoanza. Siku kumi hivi baada ya kuumwa na kupe, ng'ombe anashikwa na homa kali. Tezi zilizo chini ya sikio zinavimba, na zile za mbele ya bega vilevile. Ukizipapasa kwa mkono utazisikia. Kisha anaacha kula, maziwa yanapungua, anahema kwa shida na kukohoa. Mwishoni povu linamtoka puani, kwa kuwa mapafu yamejaa maji. Wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania huita ugonjwa huu ndigana. Waganga wa nyama huuita teileriozi.

Jina hilo latoka wapi? Mwaka 1896 sotoka iliua ng'ombe wengi mno katika nchi za kusini mwa Afrika. Watu wakaagiza ng'ombe wengine kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki, wakawaleta kwa meli. Kumbe, pamoja na ng'ombe ulikuja na ugonjwa. Toka mwaka 1901 ng'ombe wa kusini wakaanza kufa tena, maelfu kwa maelfu. Mwaka 1903 aliitwa Robert Koch, yule mganga mkuu wa Ujerumani aliyevumbua kijidudu cha kifua kikuu. Hata yeye hapo kwanza alidhani ni ugonjwa mwingine wa ng'ombe uliojulikana zamani. Arnold Theiler, mganga wa nyama kutoka Uswisi aliyefanya kazi Afrika ya Kusini, ndiye aliyeonyesha kwamba ni ugonjwa wa peke yake, na kijidudu chake kikapewa jina lake. Mwenzake, Charles Lounsbury, yeye alichunguza kupe. Akaona kwamba anayeueneza hasa ni yule kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa masikioni.

Kupe huyu hazaliwi na ugonjwa. Anatoka katika yai akiwa safi. Katika maisha yake hunywa damu mara tatu: akiwa mtoto, akiwa kijana na akiwa mzima. Kila akishiba huanguka majanini, hujibadili ngozi, halafu hutafuta mnyama mwingine. Akinywa damu ya ng'ombe mwenye vijidudu, atavipeleka kwa yule wa pili. Vikiisha kuingia, vijidudu hukaa ndani ya chembe nyeupe za damu, zile zilizo kama askari wa mwili, na kuzifanya ziongezeke ovyo pamoja navyo. Hebu fikirini mwizi anayewatumia walinzi wenyewe!

Mbogo wa porini hubeba vijidudu hivyo pasipo kuugua. Kwa hiyo kulisha ng'ombe mahali wapitapo mbogo ni hatari. Ng'ombe wetu wa mababu nao huvumilia kuliko wale wa asili ya Ulaya, ingawa ndama wao wengine hufa.

Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Muguga, karibu na Nairobi, walipata njia ya kukinga ng'ombe. Ni njia ya ajabu kidogo. Huchukua kupe wenye ugonjwa, huwasaga, na vijidudu vyao huhifadhiwa katika baridi kali kupita barafu. Ng'ombe hudungwa vijidudu hivyo vikiwa hai, na saa ileile hudungwa dawa ya kuvizuia visizidi nguvu. Anaugua kidogo tu, au haonyeshi dalili yoyote, naye anabaki na kinga kwa miaka mingi. Shida ni ile baridi: kuifikisha chanjo kijijini kwenye barabara mbaya si kazi ndogo, na bei yake si ya kila mtu. Kwa ng'ombe aliyekwisha kuugua iko dawa ya sindano, nayo husaidia sana ikitolewa mapema, kabla ya kifua kujaa maji.

Wengine huwaosha ng'ombe kwa dawa ya kupe, kwa bomba au katika josho. Ni vizuri, lakini ipimwe kama mganga alivyoagiza. Wako watu wanaozidisha maji ili dawa isiishe upesi. Kupe dhaifu hufa, wenye nguvu hubaki na kuzaa, na baada ya miaka dawa ile haiwezi kitu tena. Na siku ambazo mganga amekataza, maziwa yasinywewe wala yasiuzwe.

Sasa kuna kazi ambayo ninyi watoto mnaiweza bila fedha. Kwa kawaida vijidudu haviko tayari saa ile kupe anapouma. Hukomaa mateni mwake wakati anaponyonya, na hupita siku tatu au nne kabla hajavitia kwa wingi. Basi, ukimtoa upesi, umemwahi. Kila jioni, ng'ombe akiwa anakamuliwa, papasa ndani ya masikio yote mawili, kisha chini ya mkia na kwenye kiwele. Mshike kupe karibu na ngozi, umvute taratibu ili kichwa kisibaki. Usimpasue kwa vidole. Mtie katika kopo lenye petroli ya taa, kisha nawa mikono kwa sabuni.