Ofisi yenye umeme wake: tuanze na jengo, si paneli

Tunapopanga ofisi yenye umeme wa jua, mara nyingi tunaanza kuulizia bei ya paneli. Paneli ni hatua ya mwisho.

Mwaka 2011 Umoja wa Mataifa ulizindua jengo la ofisi huko Gigiri, Nairobi, kwa watumishi wapatao 1,200. Juu ya paa ziliwekwa paneli zenye uwezo wa kilowati 515. Lakini kwanza wasanifu walipunguza mahitaji: mwanga wa mchana hufika katikati ya jengo, na hewa huzunguka yenyewe ofisini bila viyoyozi.

Mwamanyili kuna joto zaidi ya Nairobi, ila mpangilio ni ule ule:

1. Jengo lilale mashariki–magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la jioni litapiga hasa kuta fupi.

2. Chini ya bati iwekwe dari, na matundu ya kutolea hewa moto.

3. Taa zichaguliwe vizuri. Taa 6 za wati 60 zikiwaka saa 5 hutumia wati-saa 1,800. Za LED za wati 9 hutumia 270 tu.

Mahitaji yakipungua, betri nazo hupungua, na betri ndizo huchakaa mapema na kudai fedha tena. Dari na madirisha havivutii kwenye picha za uzinduzi, lakini vitaendelea kuokoa umeme hata baada ya betri za kwanza kuisha.