Gongo Refu Kuliko Mchezaji

Nje ya kiwanda na makumbusho ya Louisville Slugger, katika jiji la Louisville, jimbo la Kentucky, gongo la besiboli limeegemezwa ukutani kana kwamba mwenyewe ameingia ndani mara moja na atarudi kulichukua. Urefu wake unapita mita 36, na uzito wake ni tani 30 na ushei. Kwa mbali linaonekana ni mti mtupu. Ukilisogelea unakuta chuma kilichopakwa rangi kwa mkono hadi nyuzi za mbao zikajitokeza, na umbo lake limefuata gongo la inchi 34 alilotumia Babe Ruth, mpigaji aliyevuma miaka ya 1920.

Wamarekani wameupenda mchezo huu kiasi cha kuvikuza vifaa vyake vikawa minara. Chicago ina Batcolumn, gongo la chuma lililosukwa kama wavu, la mita 30 hivi, alilolisimamisha msanii Claes Oldenburg mwaka 1977. San Francisco, kwenye uwanja wa timu ya Giants, glavu kubwa kuliko nyumba imetua juu ya viti vya mashabiki, na mfano wake ni glavu ya vidole vinne ya mwaka 1927. Vitu hivyo vina wahandisi wa kuvitunza. Vinavyotaabika ni ndugu zao wadogo, vile vilivyotengenezwa kwa ajili ya madirisha ya maduka ya vifaa vya michezo: gongo la mita moja na nusu, glavu inayoweza kumbeba mtoto, mpira wenye ukubwa wa tikiti maji.

Duka likifungwa, kitu kama hicho huishia darini au stoo. Miaka inapita, kinaibuka mnadani kikiwa na vumbi na masizi, na mnunuzi anakifikisha nyumbani akiwa na maswali mawili: ni nini hasa, na kisafishwe vipi? Hasara kubwa hutokea pale swali la pili linapotangulizwa.

Kipimo cha kwanza ni futi ya fundi tu. Sheria za besiboli haziruhusu gongo linalozidi inchi 42, yaani sentimita 106 na nusu hivi, na kikomo hicho kimekuwapo tangu mwaka 1869. Gongo lililopita hapo ni la maonyesho, hata muuzaji aape kwamba lilishikwa na nyota fulani uwanjani. Mpira nao una kipimo chake: mzingo wa inchi 9 hadi 9 na robo, na mishono pacha 108. Kwenye mpira mkubwa wa dirishani inafaa kuihesabu mishono hiyo. Fundi aliyejisumbua kuitimiza yote 108 hakuwa akifanya kazi ya kulipua, na mara nyingi hata ngozi aliyoitumia itathibitisha hilo.

Baada ya ukubwa, jina la kampuni. Majina ya makampuni hubadilika, na kila badiliko lina mwaka wake. Kampuni ya magongo ya Louisville ilianza kuitwa Hillerich & Bradsby mwaka 1916; kabla ya hapo magongo yalibeba jina la J. F. Hillerich & Son. Kwa hiyo gongo la dirishani lenye jina la Bradsby haliwezi kuwa la mwaka 1905, hata likichakaa namna gani. Anwani nazo husema mengi: kibandiko chenye namba ya posta ya tarakimu tano hakikuchapwa kabla ya mwaka 1963, kwa sababu ndipo Marekani ilipoanza kuzitumia namba hizo.

Kisha kitu kipinduliwe. Sehemu ambayo mteja hakukusudiwa kuiona ndiyo isiyojua kuficha umri. Skrubu zenye kichwa cha msalaba zilienea kuanzia miaka ya 1930. Faiba ya plastiki ilishika kasi viwandani kuanzia miaka ya 1940, hivyo glavu ya faiba inayouzwa kama kumbukumbu ya mwaka 1920 imeshajikana yenyewe. Wakaguzi wengi hutumia pia taa ya urujuanimno, kama ile inayotumika kukagua noti bandia. Karatasi na nyuzi za baada ya Vita vya Pili vya Dunia mara nyingi zimetiwa kemikali ya kung'arisha weupe, na chini ya taa hiyo huwaka rangi ya samawati. Kibandiko kinachodaiwa kuwa cha mwaka 1910 kikiwaka hivyo, kuna jambo.

Saini zinahitaji tahadhari ya pekee. Babe Ruth alifariki Agosti 1948. Kalamu nene ya Sharpie iliingia sokoni mwaka 1964. Hesabu hiyo ndogo ingewaokoa watu wengi. Miaka ya 1990 shirika la upelelezi la FBI lilifungua operesheni iliyoitwa Bullpen dhidi ya waghushi wa saini, na miongoni mwa vitu vilivyopatikana ilikuwamo mipira ya besiboli yenye saini bandia ya Mama Teresa wa Calcutta.

Sasa uchafu wenyewe. Si kila doa ni uchafu. Katika makumbusho ya Louisville kuna gongo la Ruth lenye vikato 21 kuizunguka nembo. Kila kikato ni pigo la kuupeleka mpira nje ya uwanja, msimu wa 1927. Fundi mwenye msasa na nia njema angelilainisha likapendeza, na kumbukumbu hiyo ingeishia kwenye unga wa mbao. Gongo la dirishani nalo lina alama zake: tundu la kulabu iliyolining'iniza kwenye dari la duka, kivuli cha lebo ya bei, upande mmoja uliopauka kwa jua la miaka mingi. Hayo ndiyo yanayothibitisha kwamba lilikaa dukani kweli. Yapigwe picha kabla ya chochote, na yaachwe.

Usafi huanza pakavu. Brashi ya manyoya laini hulisukuma vumbi kuelekea mdomo wa mashine ya kufyonzea, uliofunikwa kitambaa cha wavu ili kipande cha rangi kikibanduka kisimezwe. Kazi hii ni ya saa nyingi kwenye kitu kikubwa, nayo peke yake huondoa sehemu kubwa ya tatizo. Masizi yaliyoganda yanataka unyevu kidogo: kijiti cha pamba kilichochovywa maji yaliyokenekwa, kikaminywa, kikabingirishwa juu ya mbao bila kusugua. Wahifadhi wa makumbusho hutumia hata mate yao, kwa kuwa yana vimeng'enya vinavyolegeza mafuta na uchafu. Jaribio la kwanza lifanyike mahali pasipoonekana, na pamba ikitoka na rangi, kazi isimame hapo hapo.

Spiriti ndiyo adui mkubwa wa magongo ya zamani. Mengi yalipakwa sheleki, na sheleki huyeyuka kwenye spiriti. Kibandiko kilicho juu yake au chini yake huondoka pamoja nayo kwa dakika moja. Polishi za samani zenye silikoni nazo zikae mbali, kwa sababu silikoni haitoki tena. Msasa usitajwe kabisa, na sababu si thamani tu. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye risasi mwaka 1978, na rangi ya dirishani ya miaka iliyotangulia inaweza kuwa na sumu hiyo. Vumbi lake likiingia mapafuni ni hatari, hasa kwa watoto.

Glavu kubwa za ngozi huponzwa na mapenzi. Mchezaji huipaka glavu yake mafuta ili ikunjike vizuri mkononi, na mkusanyaji hudhani ya dirishani inahitaji vivyo hivyo. Haihitaji, kwa sababu haikunjwi. Mafuta huifanya iwe nyeusi, inate, inase vumbi jipya. Ngozi ya zamani inayoacha unga mwekundu vidoleni imeshaanza kuoza kwa asidi; iachiwe mhifadhi wa kazi hiyo. Na glavu iliyoumbwa kwa karatasi na gundi isiguswe na maji hata tone, kwa kuwa italegea na kupoteza umbo.

Kwenye mbao, vitundu vidogo vya duara vichunguzwe. Ikiwa unga mweupe unaanguka chini yake kila baada ya siku chache, bungua bado wamo ndani. Makumbusho hukifunga kitu kwenye plastiki na kukigandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili. Gongo la mita mbili haliingii kwenye friji ya nyumbani, kwa hiyo lifungwe plastiki nzito na kutengwa na mbao nyingine hadi atakapopatikana mwenye chumba cha baridi. Likisharudi, lilazwe juu ya vigodoro viwili au vitatu vilivyogawana uzito, mbali na dirisha. Kulabu yake ya zamani ibaki ilipo, ila lisining'inizwe nayo tena.