Kuchagua Kihisi cha Kimo cha Maji katika Tangi la Viumbe wa Bahari

Mtu yeyote aliyewahi kufuga viumbe wa bahari katika tangi la kioo anajua kwamba maji ya tangi hilo hupungua kila siku. Kinachopotea, hata hivyo, ni maji matupu. Chumvi haigeuki kuwa mvuke. Hubaki nyuma, na maji yaliyosalia huzidi kuwa makali.

Maji ya bahari kuu huwa na gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilogramu moja. Matumbawe na viti vya pweza hawana uwezo mkubwa wa kujikinga na mabadiliko ya ghafla ya kiasi hicho, kwa kuwa majimaji ya miili yao hufuata ukali wa bahari inayowazunguka. Ukali ukishuka upesi, maji huingia katika seli zao kwa njia ya osmosisi na kuzivimbisha. Ukipanda, maji hutoka na seli husinyaa. Mfugaji hana budi, basi, kurudisha maji yasiyo na chumvi kwa kadiri ileile iliyopotea.

Kazi hiyo yaweza kufanywa kwa mkono, lakini shule hufungwa mwisho wa juma na wakati wa likizo. Ndiyo maana wafugaji wengi huweka pipa la maji baridi, pampu ndogo, na kihisi kinachoiamuru pampu hiyo ianze au isimame. Maisha ya viumbe wote wa tangi hutegemea uaminifu wa kihisi hicho. Katika makala haya tutaeleza namna ya kukichagua.

Mahali pa kupimia

Mara nyingi tangi la juu, ambamo viumbe huonekana, huunganishwa na tangi jingine lililofichwa chini yake. Maji humwagika juu ya ukingo, hushuka kwa bomba hadi tangi la chini, huchujwa, kisha pampu kubwa huyarudisha juu. Kimo cha maji katika tangi la juu huamuliwa na ukingo, kwa hiyo karibu hakibadiliki. Upungufu wote huonekana katika chumba cha pampu cha tangi la chini, na hapo ndipo kihisi huwekwa.

Tuchukue mfano. Maji yote ni lita 400, na kitako cha chumba cha pampu kina sentimita 30 kwa 40, yaani sentimita za mraba 1,200. Lita 6 zikigeuka mvuke kwa siku, upungufu ni asilimia 1.5 tu ya maji yote, lakini kimo katika chumba kile hushuka sentimita 5. Badiliko kubwa namna hiyo hutambuliwa na kihisi cha bei ndogo. Basi tusihangaike sana na usahihi wa kipimo. Tujiulize kihisi kitafanya nini siku kitakapoharibika.

Makosa mawili yasiyolingana

Kihisi kilichoharibika kinaweza kukwama kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kusema kwamba maji yapo ilhali yamepungua. Katika mfano wetu, baada ya siku moja ukali hupanda kutoka gramu 35 hadi 35.5. Kosa hili hutembea polepole, na mlinzi huweza kuliona kabla pampu kubwa haijaanza kuvuta hewa.

Namna ya pili ni kusema kwamba maji yamepungua ilhali yapo. Hapo pampu ndogo humimina maji mpaka pipa likauke. Pipa likiwa na lita 100, na hata tukidhani hakuna tone litakalomwagika sakafuni, ukali hushuka hadi 35 × 400 ÷ 500, yaani gramu 28, pengine kwa usiku mmoja. Pipa likiwa na lita 20 tu, ukali hushuka hadi 33.3. Hivyo pipa dogo ni kinga ya kwanza, na kuunganisha bomba la mji moja kwa moja na tangi ni hatari isiyo na mpaka.

Aina za vihisi

Swichi ya boya ndiyo ya zamani na nyepesi kueleweka. Boya lenye sumaku huelea kwa kanuni ya Archimedes na kupanda au kushuka juu ya kijiti. Ndani ya kijiti mna kibomba cha kioo chenye vipande viwili vyembamba vya metali. Sumaku ikikaribia, vipande hugusana na saketi hufungika. Udhaifu wake ni wa kimakanika: ukoko wa chumvi hulikwamisha boya, na konokono hupanda juu yake na kulizamisha. Aidha, mkondo wa mota ukipitishwa moja kwa moja katika vipande vile, cheche huweza kuviunganisha daima. Swichi hii yafaa iiamuru rilei tu, na rilei ndiyo iwashe pampu.

Kihisi cha elektrodi hutumia wepesi wa maji ya bahari kupitisha umeme. Vijiti viwili vya metali vikiwa majini, mkondo hupita. Vikiwa hewani, hukatika. Mkondo mnyoofu, hata hivyo, huanzisha elektrolisisi: klorini hutokea kwenye anodi, na metali huliwa na kuingia majini. Mkondo geu hupunguza sana madhara hayo. Hata hivyo, utando wa chumvi yenye unyevu kati ya vijiti huweza kupitisha mkondo baada ya maji kushuka, na gaga la chokaa juu ya vijiti huweza kuuzuia ingawa maji yapo.

Kihisi cha nuru hakina kiungo kinachosogea. Mionzi ya infraredi hupita ndani ya mche wa plastiki na kugonga uso wake kwa pembe ya digrii 45. Uso huo ukipakana na hewa, uakisi kamili wa ndani huanzia digrii 42 hivi, kwa hiyo mionzi yote hurudi. Ukipakana na maji ya bahari, mpaka huo hupanda hadi digrii 64 hivi, na sehemu kubwa ya mionzi hutorokea majini. Mwani ukiufunika mche, kihisi hudanganyika. Kiputo cha hewa kikiung'ang'ania, kihisi husema hakuna maji.

Kihisi cha kanieneo hutumia hewa iliyonaswa katika mpira uliozamishwa. Kila sentimita moja ya kina huongeza paskali 100 hivi. Mpira ukivuja kidogo kidogo, kipimo husoma kina pungufu kuliko kilivyo, na pampu huongeza maji bila haja. Kosa lake, basi, huelekea upande wa hatari.

Mpango unaoaminika

Hakuna kihisi kisichoharibika. Dawa ni kutumia viwili vya aina tofauti, ili kasoro moja isivipate vyote kwa pamoja. Kihisi cha nuru kiwekwe katika kimo cha kila siku, na swichi ya boya iwekwe sentimita chache juu yake kama mlinzi wa mwisho. Viunganishwe mfululizo katika saketi ya volti 12, na swichi ya boya iwe imefungika pasipo maji, ifunguke boya linapoinuka. Hapo waya wowote ukikatika, pampu husimama. Tumechagua kosa la polepole badala ya kosa la haraka.

Mdomo wa mpira wa pampu ndogo uwe juu ya maji daima. Ukizama, na ikiwa maji ya pipa yako juu kuliko ya tangi, maji yataendelea kutiririka yenyewe kwa njia ya sifoni hata umeme ukizimwa, wala hakuna kihisi kitakachoyazuia. Boya nalo lizungukwe na bomba lenye matundu madogo ili konokono wasilifikie.

Kila juma, mwanafunzi wa zamu aliinue boya kwa kidole pampu inapofanya kazi. Isiposimama mara moja, ichomolewe. Kila mwezi vihisi vyote viwili viloweshwe katika siki, kwa kuwa asidi yake huyeyusha gaga la chokaa, kisha visuuzwe vizuri. Mstari uchorwe pia kwenye kioo cha chumba cha pampu, na kimo kiandikwe daftarini kila asubuhi. Daftari hilo ndilo litakaloonyesha kosa la polepole kabla viumbe hawajadhurika.