Ruvuma inauza mbao, nakshi inauzwa kwingine

Lori la mbao likitoka Songea, mkoani Ruvuma, kuelekea Makambako huwa limebeba mali ambayo thamani yake imeishia kwenye msumeno. Kuna mninga, kuna mkongo, na kutoka upande wa Namtumbo na Tunduru kuna mpingo. Dar es Salaam mbao hizo zitageuka vitanda, milango na vinyago vya soko la Mwenge. Mpingo ukivuka bahari utageuka klarineti. Kila hatua ina mtu anayeongeza bei, na mara nyingi mtu huyo hakai Ruvuma.

Ipo bidhaa moja ndogo isiyohitaji kiwanda wala mtaji wa kutisha, nayo ni chombo cha mapambo: bakuli, vasi ya maua au kopo lenye kifuniko, vilivyokerezwa kwa mashine kisha vikatiwa nakshi na rangi kwa mkono. Kukereza kwenyewe si jambo geni. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho, mwendo mfupi kutoka Songea, mwaka 1898, na karakana zao zimefundisha useremala kwa vizazi. Kilichokuwa kikikwaza ni umeme. Hadi 2018, njia ya msongo wa kilovolti 220 ilipofika kutoka Makambako, mji wa Songea ulitegemea zaidi majenereta ya dizeli, na mashine ya kukereza haivumilii mota inayozimika katikati ya kazi: patasi inauma mti, kazi inaharibika. Leo fundi anaweza kuwasha mashine, mara nyingi iliyoungwa na mchomeleaji wa mtaani, akawa na uhakika wa kumaliza alichoanza.

Lakini anakereza nini? Miguu ya meza, nguzo za vitanda, vijiti vya ngazi. Ni kazi halali, ila bei yake inapangwa na seremala wa jirani anayeweza kutoa mguu kama ule ule kesho asubuhi. Bakuli tupu lisilo na nakshi nalo linaingia kwenye mashindano hayo hayo. Kulikereza ni kazi ya saa moja hivi kwa aliyezoea. Nakshi ya kulizunguka inaweza kula siku nzima, na siku hiyo ndiyo mnunuzi anayoilipia, maana umbo la duara mashine yoyote duniani inalitoa.

Tuitazame kazi yenyewe. Gogo bichi la upana wa sentimita 30 linakerezwa kwa ukali tu, kuta zikaachwa nene, karibu sehemu moja ya kumi ya upana, yaani sentimita tatu. Ncha za mti zinapakwa nta ili maji yasitoke huko haraka kuliko ubavuni, kwa sababu nyufa huanzia hapo. Kisha linawekwa kivulini kwa miezi. Linapokauka linapinda na kuwa la mviringo uliolala. Ule unene wa ziada ndio unaoruhusu kulirudisha mashineni na kulikereza upya liwe duara kamili. Anayeruka hatua hii atauza bakuli zuri litakalopasuka nyumbani kwa mteja, na mteja wa mapambo akishapasukiwa harudi.

Baada ya hapo mashine inazimwa. Fundi anagawa duara kwa penseli, anachora mistari ya kuongoza, anaingia na patasi ndogo ya mdomo wa mviringo. Sehemu moja inachongwa majani au pembetatu zinazofuatana, nyingine inadonolewa vitobo vidogo vilivyosongamana, nyingine inachomwa kwa ncha ya chuma cha moto hadi iwe na mistari ya kahawia. Siri iko kwenye sehemu zinazoachwa bila kitu. Ukanda laini uliopigwa msasa hadi ung'ae, ukikaa kando ya ukanda uliokwaruzwa, unaifanya nakshi ionekane. Nimeona vyombo vingi vya kitalii vilivyojazwa urembo kuanzia mdomo hadi kitako. Jicho halipati pa kupumzika na bei haipandi hata kwa shilingi moja.

Rangi inataka busara zaidi. Mpingo haupakwi. Moyo wake mweusi na tabaka lake la nje la rangi ya maziwa ni pambo tosha, na ni mzito kiasi kwamba kipande chake kinazama majini. Wanaochukua mti mweupe wakaupaka dawa ya viatu na kuuita mpingo wanaharibu biashara ya mikoa yote ya kusini. Mti wa kupakwa ni ule usio na sura ya kuringia: msindano wa mashamba kama Wino, huko Madaba, au mwembe uliozeeka ukaacha kuzaa. Hapo rangi ni halali. Kwenye eneo lililokwaruzwa inatangulia rangi nyeusi, inaingia hadi ndani ya mifereji. Ikikauka, brashi iliyofutwa hadi ibaki na rangi kidogo sana inapitishwa juu juu, na rangi ya pili inashika kwenye migongo tu. Kwa dakika chache mikwaruzo iliyokuwa haionekani inajitokeza.

Na Ruvuma ina deni la heshima kwa rangi. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, alizaliwa wilaya ya Tunduru mwaka 1932. Alichora kwa rangi za mafuta za kung'aa juu ya vipande vya ubao laini, akafa Dar es Salaam mwaka 1972, na soko kuu la mtindo wake likabaki huko huko. Ndege wake na chui wake wangekaa vizuri ubavuni mwa vasi ya msindano. Ila rangi hizo zisiingie ndani ya bakuli la chakula. Huko inatosha nta ya nyuki, bidhaa ambayo misitu ya miombo ya mkoa huu inaitoa tayari.

Upande wa malighafi, mpingo una hesabu ya kushangaza. Gogo likichanwa kwa ajili ya ala za muziki, sehemu kubwa inatupwa kwa sababu ya nyufa, mashimo na mkunjo wa nyuzi. Vipande hivyo havitoshi klarineti, lakini vinatosha kopo la sentimita 10. Mti unaochukua miaka 70 na zaidi kukomaa haupaswi kuishia jikoni kama kuni. Vumbi lake, hata hivyo, linawasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo barakoa iingie kwenye gharama tangu mwanzo.

Hata sheria za dunia zinampendelea mwenye bidhaa ndogo. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini, uliiweka jamii ya mpingo na ndugu zake kwenye Kiambatisho cha Pili, kinachodai vibali, kuanzia Januari 2017. Mabadiliko yaliyopitishwa mwaka 2019 yakasamehe bidhaa zilizokamilika ambazo mbao yake haizidi kilo 10 kwa shehena moja. Gogo halipenyi hapo, makopo yenye nakshi yanapenya. Msamaha huo hauondoi vibali vya hapa nyumbani: mbao lazima iwe na asili inayoeleweka na hati ya Wakala wa Huduma za Misitu. Vijiji vyenye misitu yao ya hifadhi vinaweza kuuza kwa utaratibu, na fundi anayenunua huko ana karatasi ya kumwonyesha mnunuzi wa Ulaya anayeuliza mti umetoka wapi. Na hata miti migumu ikipungua, njia ipo: Wakamba wa Kenya, ambao uchongaji wao wa biashara ulianzia Wamunyu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walipoishiwa miti migumu waligeukia mwarobaini, mjakaranda na mwembe, na wakaendelea kuuza.

Kikwazo kinachobaki ni fedha, na kina sura yake ya pekee. Mabakuli 50 yanayokauka kivulini ni mtaji uliolala. Benki haiyaoni kama dhamana, na mkopo wowote wenye marejesho ya kila mwezi unaanza kudai wakati mti bado mbichi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ingefaa kundi kama hili, iwapo ratiba ya marejesho ingefuata ukaukaji wa mti kama mikopo ya kilimo inavyosubiri mavuno. Vinginevyo fundi atafanya anachofanya sasa: atakereza mguu wa kitanda, alipwe jioni, na mabakuli yake mawili matatu yabaki juu ya kenchi yakingoja siku ambayo hana kazi.