Jeni na Kunyamazishwa Kwake: Maelezo kwa Wachungaji

Tunapohubiri Zaburi ya 139 tumezoea kusema kwamba jeni ni kitabu ambamo maisha ya mtoto yamekwisha kuandikwa. Usemi huo una nusu ya ukweli. Nusu ya pili yamhusu mchungaji anayeulizwa na wazazi kwa nini mtoto wao amezaliwa na ulemavu.

Karibu kila seli ya mwili ina jeni zile zile. Jeni hunakiliwa kuwa RNA mjumbe, nayo husomwa ili protini itengenezwe. Seli ya ini hutofautiana na ya ubongo kwa kuwa jeni nyingine zatumika na nyingine zimenyamaza. Ni nini basi kinyamazishacho?

Jibu mojawapo lilitolewa Marekani mwaka 1993 na Victor Ambros na Gary Ruvkun, pamoja na wenzao. Walichunguza mnyoo wa udongoni, Caenorhabditis elegans, mwenye urefu wa milimita 1 hivi (kiumbe ambacho wengi wetu tungekikanyaga bila kujua). Mnyoo huyo hupitia hatua nne kabla ya kukomaa. Jeni iitwayo lin-14 hutoa protini inayoongoza kazi za hatua ya kwanza; protini hiyo isipopungua kwa wakati wake, mnyoo huzirudia kazi zile zile asikomae ipasavyo. Inayoipunguza ni lin-4, jeni isiyotoa protini yoyote, bali kipande cha RNA chenye herufi 22 tu. Kipande hicho hushikamana na sehemu ya mwisho ya RNA mjumbe ya lin-14, na utengenezaji wa protini hufifia.

Kwa miaka saba ilidhaniwa kuwa hilo ni jambo la mnyoo huyo peke yake. Mwaka 2000 kikatambuliwa kipande kingine, let-7, ambacho kimo hata kwa binadamu. Vipande hivyo huitwa maikroRNA, na wagunduzi wale wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Panya wasio na Dicer, kimeng'enya kinachovikata vipande hivyo, hufa wangali viinitete.

Mwaka 2011 ilielezwa kwamba watu waliopungukiwa na jeni ya kundi moja la maikroRNA huwa wafupi, wenye vichwa vidogo na vidole visivyo kamili. Hapo twarudi kwenye swali la wanafunzi katika Yohana 9. Upungufu huo umo katika jeni tangu mimba kutungwa. Haukuletwa na chakula alichokula mama, wala na neno alilolitamka.