Kuimarisha Kigasha kwa Chuma Chepesi: Zoezi na Msamiati Wake

Mwanafunzi anayetoka katika chumba cha mtihani baada ya kuandika kwa saa mbili mfululizo aghalabu huonekana akiukung'uta mkono na kuukanda kwa ule mwingine. Akiulizwa panapomuuma, hujibu kuwa ni mkono. Jibu hilo si kosa, ila halielekezi popote, kwani mkono huanzia begani ukaishia kwenye ncha za vidole. Mahali anapopakanda ni baina ya kisugudi na kifundo cha mkono, na sehemu hiyo ina jina lake: kigasha. Makala haya yanaeleza zoezi moja jepesi la kuimarisha sehemu hiyo, na kubainisha ni kwa nini zoezi lenyewe huharibika pale viungo vinapotajwa kiholela.

Huenda msomaji akajiuliza kigasha kinahusiana vipi na kalamu ilhali kazi ya kuandika ni ya vidole. Ukweli ni kwamba ndani ya vidole vyenyewe hamna misuli ya kuvikunja wala kuvinyosha. Ipo misuli midogo kiganjani inayosaidia miendo myepesi, lakini nguvu kubwa ya kushika hutoka kigashani. Misuli ya huko huvuta kano ndefu zinazopita kwenye kifundo na kufika vidoleni, mfano wa kamba zinazomchezesha mwanasesere. Misuli ya upande wa kiganja hukunja kifundo na vidole, na mingi kati yake huanzia kwenye mfupa ulio upande wa ndani wa kisugudi. Ile ya upande wa nyuma ya mkono hunyosha, na mingi huanzia upande wa nje wa kisugudi.

Watu wengi hudhani kuwa misuli inayokunja ndiyo pekee inayoshika. Dhana hii inaweza kupimwa papo hapo. Mtu akishika kalamu kwa nguvu, kisha akakunja kifundo chake kabisa hadi kiganja kikaelekea kigasha, atahisi vidole vikilegea. Misuli inayokunja huwa imefupika kupita kiasi, nazo kano za nyuma zimevutika na kuvizuia vidole visifumbate. Ndiyo maana mshiko imara huhitaji kifundo kilichoinuka kidogo kuelekea nyuma, na anayekishikilia hapo ni msuli wa kunyosha. Kwa hivyo anayefanyia mazoezi upande mmoja tu amefanya nusu ya kazi.

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza. Neno kiwiko hutumiwa na baadhi ya wazungumzaji kumaanisha kiungo cha katikati ya mkono, na wengine kumaanisha kiungo kilicho karibu na kiganja. Maelekezo yakisema "kunja kiwiko huku umeshika chuma", msikilizaji wa kwanza atakiinua chuma hadi karibu na bega. Hilo ni zoezi zuri, lakini kazi kubwa huwa imehamia kwenye misuli ya mbele ya mkono wa juu, na kigasha kimeachiwa kushika tu. Msikilizaji wa pili atafanya kilichokusudiwa. Neno halikosei kuwa na maana mbili, ila mwelekezaji hana budi kuchagua jingine. Kisugudi (au kivi) na kifundo cha mkono (au kilimbili) haziachi shaka. Inashangaza kidogo kwamba kigasha limefifia vinywani mwa wengi ilhali dhiraa, yaani kipimo cha kutoka kisugudini hadi ncha ya kidole cha kati, bado linatajwa. Nalo asili yake ni neno la Kiarabu linalotaja sehemu hiyohiyo ya mwili.

Zoezi lenyewe hufanywa mtu akiwa ameketi. Kigasha chote hulazwa juu ya paja au meza, kiganja kikitazama juu, nacho kifundo huachwa kitokeze nje kidogo ya goti au ukingo wa meza. Chuma hushikwa, kisha mkono huteremshwa polepole mpaka kifundo kiinamie chini, halafu hupandishwa mpaka kiganja kielekee kigasha. Kisugudi hakisogei wala kigasha hakiinuki; kinachotembea ni kifundo peke yake. Baada ya kurudia mara 10 hadi 15, kigasha hugeuzwa ili kiganja kitazame chini, na mwendo uleule hurudiwa kwa kuinua mgongo wa kiganja. Upande huu wa pili kwa kawaida ni dhaifu zaidi, hivyo haifai kuulazimisha ubebe uzito sawa na wa kwanza. Kuteremsha kwafaa kuchukue muda zaidi kuliko kupandisha. Anayekiachia chuma kianguke hujinyima sehemu muhimu ya zoezi.

Kilo 1 inamtosha anayeanza. Asiye na vyuma vya dukani anaweza kutumia chupa ya nusu lita iliyojaa maji, ambayo ina takriban nusu kilo, au aijaze mchanga apate uzito zaidi. Vyuma vya mikebe iliyotiwa saruji, vinavyopatikana katika mitaa mingi, mara nyingi ni vizito mno kwa zoezi hili. Mikupuo miwili kwa kila upande, siku mbili au tatu zisizofuatana katika wiki, inatosha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 nao unapendekeza mazoezi ya misuli angalau siku mbili kwa wiki, ila unazungumzia misuli mikuu ya mwili mzima. Kigasha pekee hakitimizi sharti hilo.

Uchovu wa misuli baada ya zoezi ni wa kawaida na hupungua baada ya siku chache. Maumivu makali upande wa nje wa kisugudi, hasa mtu anaposhika kikombe au kusokota kitambaa, ni jambo jingine, na vivyo hivyo ganzi katika kidole gumba, cha shahada na cha kati. Kwenye kifundo, kano 9 za vidole hupita pamoja na neva moja katika njia nyembamba, na neva hiyo ikibanwa ganzi hutokea kwenye vidole hivyo. Mwenye dalili hizi aweke chuma chini, amwone daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo, na akifika huko aeleze kwa jina ni kiungo kipi kinachomsumbua.